Fainali Kumi za Otto Graham

Ubishi ulianzia chumbani kwetu bwenini, na kama kawaida ulianza na Messi na Ronaldo. Ulipofika kwa Pelé, jamaa mmoja akasema mabao ya zamani hayana uzito, kwani mabeki wa enzi zile walikuwa wanakaba kama wazee wa mtaa kwenye bonanza la sikukuu. Hapo mwenzangu wa chumbani, ambaye ana ugonjwa wa mpira wa Kimarekani tangu alipogundua unaonekana kwenye simu, akaingilia. Kwake yeye huko Marekani ubishi umekwisha: Tom Brady ana mataji 7 ya Super Bowl, hakuna mchezaji mwingine mwenye hayo, basi tulale. Hatukulala. Mimi nilikuwa nimesoma habari za mtu anayeitwa Otto Graham, aliyecheza misimu 10 na kufika fainali zote 10. Nikalitaja jina. Chumba kizima kikanitazama kama nimemtaja mhadhiri aliyestaafu kabla hatujazaliwa.

Kwa wanaouona mchezo huo kama vurugu za watu wenye helmeti, niseme kidogo. Timu ina watu 11 uwanjani na inausogeza mpira mbele kwa awamu. Ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayeupokea mwanzoni mwa kila jaribio, na ana sekunde chache za kuamua: ampe mwenzake akimbie nao, aurushe mbele, au akimbie nao mwenyewe, huku watu wa kilo mia na zaidi wakija kumwangusha. Ukivuka nao mstari wa mwisho wa wapinzani umepata tachidauni, alama 6. Kwa hiyo mtu huyu hubeba peke yake sifa na lawama ambazo kwenye soka letu wanagawana namba 10 na kocha.

Otto Graham alizaliwa tarehe 6 Desemba 1921 huko Waukegan, jimbo la Illinois, kwa wazazi waliokuwa walimu wa muziki wote wawili. Nyumbani alifundishwa piano na ala nyingine kadhaa, na alipokwenda Chuo Kikuu cha Northwestern alisoma muziki. Mpira haukumpeleka chuoni, angalau si huu. Ufadhili aliopewa ulikuwa wa mpira wa kikapu. Siku moja kocha wa timu ya chuo alimwona akicheza kwenye mashindano ya ndani, yale ya wanachuo kwa wanachuo, akirusha mpira kama vile amefanya kazi hiyo miaka yote. Akaitwa. (Wachezaji wa ligi ya vitivo, someni tena sentensi hizo mbili za mwisho, kisha mwende mazoezini.)

Mwaka 1941 Northwestern iliifunga Ohio State 14 kwa 7, na pasi za Graham ndizo zilizoleta tachidauni zote mbili. Kwa Ohio State huo ulikuwa mchezo pekee waliopoteza mwaka ule. Kocha wao alikuwa Paul Brown, mtu asiyesahau. Vita vilipofika Graham akaingia kwenye mafunzo ya urubani ya jeshi la majini, naye Brown, aliyekuwa anaunda timu mpya mjini Cleveland, akamfuata na mkataba wa dola 7,500 kwa mwaka pamoja na posho ya dola 250 kila mwezi hadi vita viishe. Kijana wa watu akasaini. Kabla hata timu hiyo haijacheza mchezo wake wa kwanza, Graham alikwenda kucheza kikapu cha kulipwa na Rochester Royals, wakawa mabingwa msimu wa 1945/46. Hilo ni taji ambalo wabishi wa mpira wa Kimarekani hawalihesabu, na wana haki. Mimi nalitaja kwa raha zangu tu.

Cleveland Browns walianza kucheza mwaka 1946, si kwenye NFL bali kwenye ligi mpya iliyoitwa All-America Football Conference. Brown alimbadilisha nafasi: chuoni Graham alicheza kwa mfumo ambao mrushaji anasimama mbali na mpira, sasa akafundishwa kusimama nyuma ya mwenzake wa katikati na kuupokea mkono kwa mkono, kama makwotabeki wa mfumo mpya walivyofanya. Akaichukua ligi ile na kuiweka mfukoni. Mabingwa 1946, mabingwa 1947, mabingwa 1948 bila kupoteza mchezo hata mmoja, mabingwa 1949. Kisha ligi ikafa.

Hapa ndipo ubishi wenyewe unapoanzia. Kwa miaka mingi takwimu rasmi za NFL hazikuihesabu misimu ile 4, kana kwamba Graham alikuwa kwenye ndondo za mchangani. Hoja yao ni kwamba ligi ilikuwa na timu 8 tu, baadhi dhaifu, na Browns hawakuwa na mpinzani wa kweli. Siipuuzi hoja hiyo. Sisi wa Elimu tunafundishwa kwenye upimaji na tathmini kwamba alama 80 za mtihani huu si lazima ziwe sawa na alama 80 za mtihani ule. Lakini tunafundishwa pia la kufanya ukiwa na mashaka: mpe mwanafunzi yuleyule mtihani wa pili, mgumu zaidi, uone.

Na mtihani huo ulifanyika. Mwaka 1950 NFL ilizipokea timu 3 za ligi iliyokufa, Browns wakiwemo. Mkuu wa NFL, Bert Bell, akapanga mchezo wao wa kwanza uwe dhidi ya Philadelphia Eagles, mabingwa wa 1948 na 1949, tena kwao Philadelphia, Jumamosi ya tarehe 16 Septemba, siku moja kabla ya wengine kuanza. Watu zaidi ya 71,000 walikwenda kuwaona watoto wa mchangani wakifundishwa adabu. Graham alirusha pasi zilizoleta yadi 346 na tachidauni 3. Browns 35, Eagles 10.

Msimu ule ulimalizika tarehe 24 Desemba mjini Cleveland, kwenye uwanja ulioganda kwa baridi, fainali dhidi ya Los Angeles Rams. Rams walifunga kwenye jaribio la kwanza kabisa la mchezo, pasi moja ndefu, yadi 82. Hadi robo ya mwisho inaanza, Browns walikuwa nyuma 28 kwa 20. Graham akarusha pasi yake ya nne ya tachidauni, wakawa nyuma kwa alama 1. Zikiwa zimebaki kama dakika 3, akiwa anakimbia na mpira mwenyewe kuelekea eneo la kufunga, akagongwa na mpira ukamtoka mikononi. Rams wakauchukua. Nimeifikiria sana hiyo safari ya kutoka uwanjani hadi benchi. Paul Brown, mtu anayekumbukwa kwa ukali na ubaridi wake, hakumfokea. Alimwambia watashinda tu. Walinzi wa Browns wakawazuia Rams, mpira ukarudi, na Graham akaanza upya karibu na yadi ya 32 ya upande wao, na chini ya dakika 2 mkononi. Alikimbia mwenyewe, akarusha pasi fupi fupi za pembeni, akausogeza hadi mbele ya goli. Lou Groza akapiga mpira katikati ya milingoti zikiwa zimebaki sekunde 28. Browns 30, Rams 28.

Baada ya hapo, yule anayesema mataji ya Graham yalikuwa ya ligi nyepesi ana kazi ya kunieleza mengi.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani linageuza hoja ya ligi nyepesi chini juu. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mwaka 1946, msimu wa kwanza wa Graham, Browns waliwasajili Marion Motley na Bill Willis, wote weusi, wote baadaye wakaingia kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Mwaka huohuo Rams wa NFL waliwachukua Kenny Washington na Woody Strode, lakini timu nyingi za NFL ziliendelea kuwafungia mlango. Ya Washington ilisubiri hadi 1962. Hata Browns walipokwenda kucheza Miami mwishoni mwa 1946, Motley na Willis walibaki nyumbani, kwa sababu Florida ya wakati ule haikuruhusu weupe na weusi kucheza uwanja mmoja. Sasa niambie, kati ya ligi mbili hizo, ipi ilikuwa inachagua wachezaji wake bora kwa haki zaidi? Wanaosema enzi za Graham zilikuwa nyepesi kwa sababu weusi wengi walizuiwa wana hoja nzito. Ila hoja hiyo haiwezi kuipiga ligi ya Browns peke yake na kuiacha NFL ikipita. Na Motley mwenyewe, mkimbiaji mwenye kifua kama mlango, ndiye aliyesimama mbele ya Graham akiwazuia waliotaka kumvunja.

Haya yananileta kwenye hoja ninayoiona ngumu kuliko zote: kwamba Graham alikuwa abiria. Alikuwa na Motley, Dante Lavelli na Mac Speedie wa kupokea pasi, Groza wa kupiga mpira, na juu yao Paul Brown, ambaye alikuwa akituma maelekezo ya kila jaribio uwanjani kupitia wachezaji waliopokezana kuingia na kutoka. Graham hakuupenda utaratibu huo. Johnny Unitas wa Baltimore Colts, bingwa wa 1958 na 1959, alijichagulia mwenyewe mashambulizi yake, na kuna watu wanaomweka juu kwa sababu hiyo tu. Nawaelewa. Mtu aliyeandika insha yake si sawa na aliyesomewa imla.

Lakini imla haikimbii kwa niaba yako. Fainali ya 1953 dhidi ya Detroit Lions, Graham alikamilisha pasi 2 kati ya 15, na Browns wakafungwa 17 kwa 16. Kocha yuleyule, maelekezo yaleyale, na kwotabeki akiwa hovyo timu ikalala kwa alama 1. Hiyo ilikuwa fainali ya tatu mfululizo kupoteza, baada ya 1951 na 1952. Mwezi mmoja hivi kabla yake, kwenye mchezo na San Francisco, alipigwa kiwiko mdomoni akashonwa nyuzi 15, kisha akarudi kipindi cha pili na kipande cha plastiki kimefungwa mbele ya helmeti, wakashinda. Katika misimu 10 hakukosa mchezo hata mmoja. Mwaka uliofuata, fainali na Lions walewale, alirusha tachidauni 3 na kukimbia nazo 3. Browns 56, Lions 10.

Akasema anastaafu. Brown akamwomba arudi kwa 1955, akarudi, akashinda tena fainali mjini Los Angeles, 38 kwa 14, mbele ya watu zaidi ya 85,000. Hapo ndipo akaacha kweli. Mwaka 1956 Browns, chini ya kocha yuleyule, na Groza na Lavelli wakiwa bado wapo, walishinda michezo 5 na kupoteza 7. Ulikuwa msimu wao wa kwanza mbovu tangu timu ianzishwe. Kwangu mimi abiria ndio ameteremka hivyo, na gari likazima. Haki inataka niseme pia kwamba 1957 alikuja Jim Brown na wakarudi fainali.

Maisha yake ya baadaye nayapitia haraka. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima mwaka 1965. Alifundisha timu ya chuo cha walinzi wa pwani, kisha timu ya Washington kuanzia 1966 hadi 1968, bila mafanikio ya kutajwa. Mwaka 1977 aligundulika na saratani ya utumbo mpana, akapona, akawa anawahimiza watu wapime mapema. Uzeeni alipata ugonjwa wa Alzheimer. Alifariki tarehe 17 Desemba 2003 huko Sarasota, Florida, akiwa na miaka 82.

Mwenzangu wa chumbani alisikiliza yote, kisha akafungua simu na kunisomea yadi: Brady 89,214, Graham 23,584. Nikamwambia Brady alicheza misimu 23, tena enzi ambazo sheria zinamlinda mrushaji, na kila pasi aliyojaribu Graham ilileta wastani wa karibu yadi 9, wakati ya Brady ni 7.4. Akaniambia Graham alinyang'anywa pasi 135 na kutoa tachidauni 174 tu. Kweli. Nikamwambia ahesabu fainali. Brady alicheza Super Bowl 10, akashinda 7, akapoteza 3. Graham fainali 10, kashinda 7, kapoteza 3. Akanyamaza kidogo, akasema enzi za Graham kulikuwa na timu 12 au 13 za kushindana nazo, na za Brady ni 32. Hilo sikuwa na jibu lake usiku ule, na bado ninalitafuta.