Lenana na Karatasi za Kuhama

Mfugaji wa Magadi huhama. Kiangazi kikizidi huvusha ng'ombe Ewaso Ng'iro kuelekea chini ya milima ya Nguruman, na mvua inyeshapo hurejea alikotoka. Hakuna anayemwamuru, wala hatii alama kwenye karatasi yoyote. Neno hilohilo, kuhama, ndilo vitabu vyetu vya historia hulitumia kwa yaliyowapata Wamaasai mwaka 1904 na tena 1911, na hapo ndipo mwanafunzi hupotoshwa kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Lenana, ambaye watu wake humwita Olonana, alikuwa mwana wa Mbatiany, laiboni mkuu aliyefariki yapata mwaka 1890. Masimulizi yanadai kwamba mzee, alipokaribia kufa, alikusudia kumwachia Senteu, nduguye Olonana, vifaa vya uganga, lakini Olonana akatangulia alfajiri mbele ya baba ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yakobo na Esau. Yamkini kisa hicho kilipambwa na wafuasi wa Senteu. Lisilo na shaka ni kwamba ndugu hao walipigana katika miaka ileile ambayo sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe na ndui ikawafyeka watu. Senteu alielekea Loita na nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Olonana naye alijisogeza karibu na Waingereza, upande wa Ngong. Mtu aliyezungukwa na njaa na uadui wa nduguye angekimbilia wapi?

Yafaa tukumbuke laiboni ni nani. Alibashiri, aliwabariki morani, aliombea mvua na mifugo. Hakuwa mtawala. Mambo ya malisho na makazi yaliamuliwa na wazee pamoja na wasemaji wa marika, kila sehemu kwa nafasi yake. Serikali ngeni, hata hivyo, haikuwa na subira ya kuketi na wazee wa kila sehemu. Ilitaka mtu mmoja, ikampata, ikamwita chifu mkuu wa Wamaasai wote. Cheo hicho hakikuwahi kuwapo.

Faida yake kwa waliokibuni ilionekana upesi. Reli ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na walowezi waliitamani nchi ya Naivasha na Nakuru iliyopitiwa na reli hiyo. Mwezi Agosti 1904 Olonana na viongozi wenzake, miongoni mwao Legalishu wa upande wa kaskazini, walitia alama kwenye mkataba. Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, wakagawanywa: wengine Laikipia, wengine kusini, Ngong na Kajiado. Waliahidiwa kwamba makazi hayo yangekuwa yao maadamu kabila lao lingalipo duniani.

Ahadi hiyo ilidumu miaka saba isiyotimia. Walowezi waliigeukia Laikipia. Olonana alifariki Machi 1911, na maofisa wakatangaza kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wa kaskazini wahamie kusini. Usia wa marehemu ni mzito kwetu sote, na waliousambaza walilijua hilo. Mwezi uliofuata, Aprili, mkataba wa pili ulitiwa sahihi, na aliyesimama mahali pa chifu mkuu alikuwa Seggi, mwanawe Olonana, kijana ambaye hata umri wa kutawala hakuwa nao. Ndivyo cheo kilichobuniwa kilivyorithishwa mtoto, ili mtoto aitoe Laikipia.

Safari ilianza Juni 1911. Juu ya Mau baridi na mvua ziliua mifugo mingi hata serikali yenyewe ikaisimamisha. Ilianzishwa tena mwaka 1912, ikakamilika 1913. Waliohamishwa ni watu wapatao 10,000, pamoja na mifugo yao.

Walimu wanaofundisha habari za Marekani wataona sura wanayoijua. Huko pia walikuwapo walioelekea magharibi kwa hiari yao, wakitafuta mashamba, na walikuwapo Wacherokee waliosukumwa magharibi kwa bunduki mwaka 1838, maelfu wakifa. Mkataba uliowang'oa ulitiwa sahihi mwaka 1835 na kikundi kidogo tu, wala kiongozi wao mkuu, John Ross, hakuuridhia.

Legalishu, aliyekuwa ameshurutishwa kukubali mwaka 1911, hakunyamaza. Yeye na wenziwe walifika mahakamani mwaka 1913. Mahakama ilijibu kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kuihukumu. Ajabu ya jibu hilo ni kwamba Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa huru siku walipodai ardhi yao, si siku walipokuwa wakihamishwa.

Mitihani yetu bado hupenda kuuliza kwa nini Lenana alishirikiana na Waingereza, na mwanafunzi hutaja sotoka, ndui, njaa na Senteu, akapata alama zake. Majibu hayo si ya uongo. Lakini yeyote anayemwita Lenana msaliti kwa sababu hizo hana budi kwanza atuonyeshe Wamaasai walikutana lini, na wapi, wakampa mamlaka ya kuwatolea nchi. Mlima Kenya una kilele chenye jina lake, na Nairobi ina shule. Kwa Legalishu sikumbuki kuona hata kibao cha barabara.