Barrymore: Hamlet wa New York aliyejigeuza kichekesho redioni

JOHN Barrymore alizaliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1882, katika ukoo uliosifika kwa uigizaji. Mwaka 1922 alianza kuigiza Hamlet wa Shakespeare jijini New York, akafikisha maonyesho 101, moja zaidi ya rekodi ya Edwin Booth. London nayo ilimshangilia mwaka 1925.

Pombe ikamharibia. Kumbukumbu ilipomtoka, filamu akaziigiza kwa kusoma maneno yaliyoandikwa na kushikiliwa kando ya kamera. Mwaka 1937 madeni yalimfikisha mahakamani kuomba atangazwe mufilisi.

Redio ilimfaa, kwani huko kila mwigizaji alisoma karatasi mkononi na msikilizaji asione. Mwaka huohuo alirusha kupitia NBC tamthiliya sita za Shakespeare zilizofupishwa, bila mzaha.

Mzaha ulikuja mwaka 1940, alipojiunga na kipindi cha mwimbaji Rudy Vallee. Humo Shakespeare alifanyiwa dhihaka, na aliyechekwa zaidi ni Barrymore mwenyewe: ulevi wake, ndoa zake nne, umaarufu uliochakaa. Wapo waliomwonea haya. Hata hivyo, sauti yake ilikuwa bado na uzito wa jukwaani, na bila uzito huo vichekesho vile visingechekesha. Fedha nazo, sehemu kubwa iliishia kwa wadai.

Alishiriki vipindi 74. Mei 19, 1942 alianguka akiwa katika mazoezi ya kipindi kilichofuata. Alifariki dunia hospitalini Los Angeles Mei 29, akiwa na umri wa miaka 60.