Al-Biruni: mkimbizi aliyeipima dunia

Katika somo la miraathi tunakutana na masuala ya fungu la bibi, na wengi tunayasoma kwa ajili ya mtihani tu. Kuna mwanachuoni mmoja aliyeyauliza akiwa kitandani anakata roho. Ndiye Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na 973 Miladia, mjini Kath katika nchi ya Khwarezm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Alifunzwa hesabu na Abu Nasr Mansur, wa ukoo wa watawala. Mwaka 995 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliuangusha ukoo huo. Kijana wa miaka 22 akakimbia, akafika Rayy, karibu na Tehran ya leo, bila mali wala mtu wa kumtetea. Sisi tunaoishi Dzaleka, tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, hatuhitaji kuelezwa hali hiyo.

Elimu hakuiacha njiani. Mwaka 997, akiwa Kath tena, alipatana na Abu al-Wafa wa Baghdad wautazame usiku mmoja mwezi ukipatwa, kila mmoja katika mji wake. Kutokana na tofauti ya saa walijua umbali wa miji hiyo kwa longitudo. Alijibizana pia na Ibn Sina kwa barua. Humo alihoji kwa nini wafuasi wa Aristotle wanadai kuwa mbingu hazina uzito wala wepesi.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka Khwarezm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan. Kutoka huko alifika India, akajifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya watu wa nchi ile bila kuwadharau. Humo ameitaja hata Sufala ya Zanj, pwani ya jirani zetu wa Msumbiji, ambako merikebu zilikuwa zikifanya biashara.

Kabla yake, Khalifa al-Ma'mun alituma wataalamu jangwani watembee kaskazini na kusini ili waipime dunia. Al-Biruni alitaka kurudia kipimo hicho lakini alikosa wasaidizi. Basi kwenye ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, alitumia njia ya mtu mmoja. Aliupima mlima, akapata dhiraa 652. Akapanda kileleni, akapima ni kiasi gani upeo wa macho umeshuka chini ya usawa wa jicho: dakika 34, zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa pembe hiyo na kimo hicho alikokotoa nusu kipenyo cha dunia. Wengi hukiweka karibu na kilomita 6,340, ingawa urefu wa dhiraa yake unajadiliwa. Kipimo cha leo ni 6,371. Kazi hiyo aliiandika katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuijua kibla ya Ghazna.

Faida yake ni kwamba dunia ndiyo iliyokuwa kipimo cha vingine vyote. Wanajimu wa zama zile walikadiria kipenyo cha jua kuwa mara tano na nusu ya kile cha dunia. Leo tunajua ni mara 109, na tungamo lake ni mara 333,000. Hata hivyo mvutano kwenye uso wa jua ni mara 28 tu ya huu wetu, kwa sababu uso huo uko mbali mara 109 na kitovu chake, na mvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Gawa 333,000 kwa 109 mara 109, utapata 28. Mtu wa kilo 60 angeelemewa huko kama amebeba kilo 1,680. Na swali lake kuhusu uzito wa mbingu lilipata jibu mwaka 1687, Newton alipoonyesha kuwa kanuni inayoangusha jiwe ndiyo inayoushika mwezi na sayari.

Inasimuliwa kwamba Sultan Mas'ud alimpelekea mzigo wa tembo wa fedha kwa kitabu cha nyota alichomtungia, naye akaurudisha. Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050. Faqihi aliyemtembelea siku ya mwisho alishangaa kuulizwa suala la miraathi na mtu anayekata roho. Al-Biruni alimjulisha kuwa ni bora aage dunia akilijua kuliko asilijue. Faqihi akamfundisha, akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio.

Ndugu msomaji, vita vilimtoa kwao, na mfalme akamhamisha asikotaka. Kila alipofikishwa alitafuta kitu cha kupima. Vilima vya Dowa viko mbele yetu, na pembe hufundishwa sekondari. Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.