Percy Spencer: yatima asiyemaliza shule, aliyeleta mikroonde jikoni

Kwenyi nyumba nyingi mpya zinazojengwa Goma, iwe Himbi, Katindo ao Keshero, mwenye nyumba na seremala wanapatana juu ya jiko mbele rangi haijapakwa. Wanapima fasi ya frigo na fasi ya gazi, kiisha wanaacha tundu moja ndani ya kabati: humo itaingia mikroonde. Wengine wananunua ile iliyotengenezwa juu ya kujengwa ndani ya kabati. Wengine wanachukua ile ya kawaida ya kuweka juu ya meza, wanaisukuma ndani ya tundu na kuifunga mbao pande zote. Baada ya miezi michache masini inazimika, na umeme wa mji unabeba lawama yote.

Umeme wa Goma una shida zake, kila mkaaji anazijua. Lakini mara nyingi masini imekufa juu ya kukosa hewa. Mtu aliyeleta mikroonde jikoni alipambana na ile shida ya joto tangu mwanzo, na mwenyewe alikuwa mtu asiye na diploma yoyote. Jina lake ni Percy Spencer.

Mtoto wa kiwanda cha mbao

Percy LeBaron Spencer alizaliwa mwezi wa 7 mwaka wa 1894, Howland, kijiji cha jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni inchi ya misitu na mito, na ile wakati watu wengi waliishi kwa kazi ya mbao na karatasi. Baba yake alikufa mtoto akiwa na miezi 18 tu. Mama yake akamwacha kwa watu wa jamaa, mume na mke, wakamlea. Percy alipofika miaka 7, yule baba mlezi naye akafa.

Shule ya msingi hakuimaliza. Akiwa na miaka kama 12 aliingia kazi kwenyi kiwanda kilichotengeneza vipande vya mbao vya kuzungushia uzi. Alianza jua likichomoza na kutoka jua likitua. Kazi ile aliifanya mpaka miaka 16. Watoto wengi wa Kivu, waliosukumwa na vita kutoka vijijini na kujikuta wakisukuma chukudu ao kupasua mawe ya volkano, wangemtambua kama mwenzao.

Halafu akasikia kwamba kiwanda cha karatasi cha jirani kinataka kuanza kutumia umeme. Ile wakati watu wa pale hawakujua umeme ni kitu gani. Percy alianza kusoma kila kitu alichoweza kupata juu ya umeme, na alipoenda kuomba kazi alikuwa moja kati ya watu watatu waliochukuliwa kufunga nyaya. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alijifunza kazi akiifanya.

Redio yamfungulia mlango

Mwezi wa 4 mwaka wa 1912, meli kubwa Titanic ilizama kwenyi bahari ya Atlantiki. Watu waliookolewa, waliokolewa juu ya wafanyakazi wa redio waliotuma mwito wa msaada usiku ule. Habari hiyo ilimshika Percy. Akajiunga na jeshi la majini la Marekani, na shabaha yake ilikuwa moja: kujua redio.

Jeshini alipata vitabu. Usiku, akiwa kwenyi zamu ya ulinzi wakati wengine wamelala, alijisomea hesabu za juu, fizikia, kemia na elimu ya vyuma. Hakuna mwalimu aliyemsahihisha. Alisoma, akajaribu kwa mikono, akarudi kusoma tena.

Kwenye miaka ya 1920 aliingia kampuni changa ya Massachusetts iliyokuja kuitwa Raytheon. Kampuni hiyo ilipata jina kwa kutengeneza taa ya ndani ya redio iliyowezesha redio ya nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya batri. Kila msikilizaji aliyewahi kukosa habari za jioni juu ya mawe ya redio kuisha, anaweza kuelewa kwa nini watu waliipenda ile taa. Spencer alipanda ngazi kampunini mpaka wahandisi wenye diploma kubwa wakawa wanakuja kumuuliza yeye.

Vita na kile chuma cha shaba

Mwaka wa 1940, vita ya pili ya dunia ikiwa imeshika Ulaya, Waingereza wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, walikuwa wametengeneza aina mpya ya kifaa kinachoitwa magnetroni. Ni kipande cha shaba chenye matundu ndani, sumaku na umeme mkali. Kinatoa mawimbi mafupi yenye nguvu sana. Kwa mawimbi hayo, rada inaweza kuona ndege ya adui usiku, ao kipande kidogo cha manowari kinachotokea juu ya maji.

Shida ilikuwa kwamba kila magnetroni ilichongwa na fundi kutoka shaba nzima, kazi ya saa nyingi. Waingereza walipeleka siri yao Marekani ili itengenezwe kwa wingi. Spencer aliangalia kile kifaa na kuona njia ingine. Badala ya kuchonga shaba nzima, aliona inafaa kukata vipande vyembamba kwa masini, kuvipanga moja juu ya kingine kama chapati, na kuviunganisha kwa moto. Mwanzoni kampuni ilitoa magnetroni chache sana kwa siku. Mwisho wa vita ilikuwa inatoa 2,600 kwa siku. Jeshi la majini la Marekani lilimpa Spencer moja ya heshima kubwa linazoweza kumpa raia.

Peremende iliyoyeyuka

Mwaka wa 1945, Spencer alisimama karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi. Mfukoni alikuwa na peremende ya shokola. Alipoingiza mkono akakuta imeyeyuka. Wenzake nao walikuwa wamekwisha kusikia joto la ile masini, lakini hawakulifuata. Yeye aliuliza joto limetoka wapi.

Alituma mtu kuleta mahindi ya bisi, akayaweka karibu na magnetroni, na mahindi yakaanza kupasuka na kuruka. Kesho yake wakajaribu yai. Mwenzake moja alikaribia kuangalia, na yai likampasukia usoni. Yai limefungwa pande zote: maji ya ndani yanapogeuka mvuke hayana fasi ya kutokea. Hata leo, mtu anayeweka yai zima ao chupa iliyofungwa ndani ya mikroonde anarudilia kosa la ile siku.

Kinachotendeka ni hiki. Mawimbi yanatikisa chembe za maji zilizo ndani ya chakula, mara mabilioni kwa sekunde moja, na ule mtikiso unakuwa joto. Sahani yenyewe haina maji, kwa hiyo inapata joto ya chakula tu. Spencer aliyafungia mawimbi ndani ya sanduku la chuma, yasitoke kabisa. Tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka wa 1945 kampuni iliomba hati ya uvumbuzi kwa jina lake, na hati ikatoka mwezi wa kwanza mwaka wa 1950. Kama malipo ya pekee ya uvumbuzi ule, alipewa dola 2, sawa vile kampuni ilivyowalipa wavumbuzi wake wote.

Kutoka kilo 340 mpaka ndani ya kabati

Mikroonde ya kwanza ya kuuzwa, Radarange, ilitokea mwaka wa 1947. Ilikuwa ndefu kama mtu mzima, karibu metre 1.8, na uzito wake kilo kama 340. Bei ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Ilipashwa kuunganishwa na bomba la maji, juu magnetroni iliwaka joto sana na maji ndiyo yaliipoza. Waliinunua hoteli, meli na hospitali, si mama wa nyumbani.

Mwaka wa 1955 kampuni ya Tappan, iliyopata ruhusa ya Raytheon, ilileta ya kwanza ya nyumbani, yenye umbo la oveni ya kuwekwa ukutani. Yaani mikroonde ya kwanza ya jikoni ilikuwa ndugu ya hii inayojengwa leo ndani ya makabati ya Goma. Bei yake ilikuwa dola 1,295, na watu wachache tu walinunua. Ni mwaka wa 1967 ndipo Amana, kampuni iliyokuwa mikononi mwa Raytheon, ilitoa ndogo ya juu ya meza kwa dola 495, ikipozwa kwa feni. Hapo ndipo familia nyingi zilianza kununua.

Spencer aliona ile siku. Alikuwa amefika kuwa moja wa wakubwa wa Raytheon, mwenye hati za uvumbuzi zaidi ya 100, na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilikuwa kimempa udaktari wa heshima, yeye asiyemaliza shule ya msingi. Alikufa mwezi wa 9 mwaka wa 1970, akiwa na miaka 76. Mwaka wa 1999 jina lake liliingizwa kati ya wavumbuzi wakubwa wa Marekani.

Mambo ya kuangalia mbele ya kununua

Maisha ya Spencer yanafundisha kwamba ile masini inatoa joto kwenyi chakula na pia ndani ya mwili wake yenyewe. Kwanza maji, kiisha feni: siku zote ilipashwa kupozwa. Ndiyo sababu ile ya juu ya meza haifai kufungiwa ndani ya kabati. Feni yake inavuta hewa upande moja na kuitoa upande mwingine, na mbao zikiziba, inavuta joto lake mwenyewe. Ile ya kujengwa imepangiwa njia ya hewa, mara nyingi mbele ao nyuma, na kitabu chake kinaonyesha nafasi ya kuachwa. Seremala apewe vipimo vya kile kitabu mbele hajakata mbao. Nyingi zina upana wa sentimetre kama 60, lakini urefu na kina vinabadilika kwa kila aina.

Jambo la pili ni nguvu. Namba inayoandikwa kubwa kwenyi karto, tuseme wati 800, ni nguvu inayoingia kwenyi chakula. Umeme inaovuta ukutani ni zaidi, kama wati 1,200. Kwa hiyo mwenye sola aangalie kama kifaa chake cha kugeuza umeme kinabeba hiyo. Mwenye mita ya kulipia mbele asiogope sana: dakika 5 za kupasha chakula zinakula kama sehemu moja juu ya kumi ya kilowati-saa. Priza iwe na waya wa udongo, na iwekwe fasi ambapo mkono unafika bila kutoa masini kabatini. Umeme unaopanda na kushuka unataka stabilizatere yenye nguvu ya kutosha. Na masini iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inatumia volti 120, hapa ni 220: isiingizwe ukutani.

Jambo la tatu ni matumizi. Mikroonde inapasha vizuri bugali ya jana, mchele, sambaza zilizokwisha kupikwa. Haiwezi kuchukua kazi ya sufuria ya maharagi ao sombe inayochemka saa nyingi. Anayetaka kupunguza makala, yale yanayokula msitu wa Virunga na kujaza moshi nyumbani, atapunguza yale ya kupasha tu. Familia yenye feza kidogo ifikirie kwanza gazi ao jiko la umeme, kiisha mikroonde.

La mwisho linahusu vijana wa Birere na fasi zingine wanaojitengenezea masini bila kupita shule, sawa na Spencer. Ndani ya mikroonde muna kifaa kinachotunza umeme wa volti zaidi ya 2,000, na kinaweza kuua hata kama waya umetolewa ukutani. Mlango uliopinda, kioo kilichopasuka ao kile kizuizi kinachozima masini mlango ukifunguka, havipaswi kudanganywa kwa waya. Spencer alijifunza peke yake, lakini yale mawimbi aliyafungia ndani ya sanduku la chuma mbele ya kumpa mtu yeyote aitumie. Masini ambayo mlango wake haufungi vizuri, fundi mwenye akili anairudisha kwa mwenyewe na kumwambia aache kuitumia.