Grace Hopper, aliyebishana na wakubwa wake kuhusu lugha ya kompyuta

Mwaka 1954 kampuni ya Remington Rand ya Marekani ilimkabidhi Grace Hopper uongozi wa idara ya kutengeneza programu za kompyuta. Mashine zilikuwa na shida zake, lakini wakubwa wake walimsumbua zaidi.

Hopper alizaliwa New York Desemba 9, 1906. Alipata shahada ya uzamivu ya hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha katika Chuo cha Vassar, kisha mwaka 1943 akajiunga na Jeshi la Wanamaji, ingawa uzito wake haukufikia kiwango kilichotakiwa.

Alipopendekeza programu ziandikwe kwa maneno ya Kiingereza badala ya tarakimu na alama, alijibiwa kwamba kompyuta haielewi Kiingereza. Timu yake ikatengeneza mfano mdogo. Ili kuthibitisha kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu, ikauandika pia kwa Kifaransa na Kijerumani. Kwa simulizi yake mwenyewe, hapo ndipo mambo yalipoharibika: wakubwa walishtuka, wakaona haiwezekani kabisa kompyuta iliyoundwa Marekani ielewe lugha za kigeni. Ikabidi aahidi kubaki na Kiingereza pekee. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu.

Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, ambayo ilianza kubuniwa mwaka 1959 na bado inatumika katika mabenki.

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha ngazi ya admirali. Alifariki dunia Januari 1, 1992, akazikwa Arlington.