Tom Mboya na hesabu ya kijana wa mjengo Rongai

Ukiamka mapema Rongai, kabla nganya hazijaanza kutetemesha madirisha kwenye Magadi Road, utakutana na kikosi kingine barabarani: vijana wenye vibegi mgongoni, na ndani ya vibegi mna nguo zilizoganda saruji. Wanaenda mjengo. Kware, Gataka, Nkoroi, Rimpa, kila upande kuna ghorofa inapanda. Jina Kware lenyewe limetokana na machimbo ya mawe, kwa hivyo kazi ya mikono hapa haikuanza jana. Jioni vijana hao hao wanarudi kwa keja ya chumba kimoja. Ile nyumba ya vyumba viwili waliyoimwagia zege mchana, kodi yake hawaiwezi.

Siku hizi unaambiwa kila mara kwamba nyumba za bei nafuu zitakupa kazi. Kama una payslip, unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wako anaongeza kiasi kama hicho, chini ya sheria iliyotiwa saini Machi 2024. Kabla hujashangilia au kulaani, hebu nikusimulie maisha ya mtu unayempita kila ukishuka tao. Yule wa sanamu pale karibu na Archives.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, upande wa Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka Kisiwa cha Rusinga kutafuta riziki na akawa nyapara shambani. Kwa maneno mengine, mtoto alizaliwa mahali ambapo nyumba na kazi ni kitu kimoja: ukiachishwa kazi, unafungasha. Alisomea Kabaa, Yala na Mang'u, lakini pesa za kuendelea na masomo hazikuwepo. Akaenda Kabete kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi.

Naam, Mboya alikuwa kanjo. Usicheke.

Kazi yake ilikuwa kukagua usafi na kupima vyakula. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa mkaguzi mzungu kwa kazi ile ile. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye: siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, mama mmoja mzungu akaingia, akatazama huku na kule, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya akataka kujua kama macho ya mama huyo yana shida.

Lakini kilichomfunza zaidi ni mji wenyewe. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kama mgeni wa muda: mwanamume peke yake, mke na watoto wabaki ushago. Basi mshahara ukapimwa kwa tumbo moja, na makao yakapimwa kwa nafasi ya kulala. Si nyumba, hata si chumba. Nafasi ya kitanda. Ukiielewa hesabu hiyo, umeelewa kwa nini kijana wa miaka 22 aliacha mambo ya maziwa akaingia vyama vya wafanyakazi.

Mwaka wa 1953 alikuwa ameshaunda chama cha wafanyakazi wa mabaraza, na mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Ulikuwa wakati mbaya wa kuwa kiongozi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, chama cha KAU kikapigwa marufuku, na Aprili 1954 wanajeshi wakazingira Nairobi na kukamata maelfu ya watu katika Operesheni Anvil. Mwaka huo pia, Kamati ya Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa Mwafrika wa mjini ulipaswa kutosha familia, si mwanamume mmoja tu. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alishuka Pwani kuwapatanisha na waajiri, na mwisho wake mshahara ukapanda kwa karibu theluthi moja.

Yaliyofuata pengine unayajua, kwa hivyo nayapitia haraka. Mwaka mmoja Oxford, kiti cha Nairobi bungeni 1957, ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda Marekani 1959, ndoa na Pamela Odede 1962.

Mwaka huo wa 1962 alikuwa Waziri wa Leba, na akawaketisha serikali, waajiri na vyama mezani wakatia saini mkataba wa jinsi ya kuishi pamoja. Meza hiyo ilitumika tena mwanzoni mwa 1964. Uhuru ulikuwa umefika, vijana wamejaa mjini, kazi hakuna. Mboya sasa alikuwa Waziri wa Haki, lakini njia iliyotumika ilikuwa yake: serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, kampuni binafsi asilimia 10, na vyama visidai nyongeza ya mshahara kwa mwaka mzima. Zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha. Waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu. Halafu kampuni nyingi, mtu akiondoka, hazikumweka mwingine, na idadi ikarudi chini kimyakimya.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Kazi iliyoagizwa kwa amri haikudumu kwa sababu hakuna kitu kipya kilichokuwa kinatengenezwa. Nyumba ni tofauti. Mawe, mchanga, mlango, dirisha, mtu wa kuchanganya zege, vyote vinatoka hapa hapa, na huwezi kuagiza msingi kutoka ng'ambo. Ila mjengo una tabia yake: paa likifika juu, unaambiwa asante. Bila mjengo mwingine unaofuata, umerudi kijiweni.

Mboya hakuwa waziri wa nyumba, tusimpe sifa zisizo zake. Kuanzia mwisho wa 1964 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na mwaka uliofuata wizara yake ikatoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende zaidi pale zitakapozaa haraka. Mimi naona hapo alikosea, kwani sehemu zilizoachwa nyuma ziliwatuma watoto wao Nairobi kwa wingi. Mji ulikuwa na watu wapatao 267,000 mwaka wa 1962. Kufikia 1969 walikuwa zaidi ya 500,000, ingawa mipaka nayo ilikuwa imepanuliwa. Shirika la Nyumba la Kitaifa liliundwa 1967 wakati yeye akiwa barazani, lakini kasi ya ujenzi haikuwahi kuifikia kasi ya watu.

Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alitoka kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kunyongwa, na swali la nani alimtuma halijajibiwa hadi leo. Alizikwa Rusinga.

Government Road ndiyo Moi Avenue ya sasa. Ukishuka Railways kutoka Ronga na kupanda kwa mguu kuelekea Archives, unapita hatua chache tu kutoka mahali alipoanguka. Sanamu iliwekwa 2011. Alfajiri, vibarua wanaosubiri mtu wa kuwachukua hukaa hapo karibu, vibegi miguuni.