Mboya: Bwana afya aliyekabili ubaguzi wa rangi Nairobi

Wanafunzi wanaotayarisha hotuba za darasani kuhusu kupigania usawa wa rangi aghalabu hukimbilia Marekani, kwa Martin Luther King. Wale wa Nairobi hawana haja ya kwenda mbali hivyo. Thomas Joseph Mboya alisomea, akafanya kazi na kuuawa katika jiji hilo, na King mwenyewe alimfahamu.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la katani la Mzungu huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mzaliwa wa Rusinga, alikuwa msimamizi wa vibarua. Karo ilipokosekana alikatiza masomo yake Mang'u mwaka wa 1947. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha maafisa wa afya kilichokuwa Jeanes School, Kabete, magharibi mwa Nairobi. Hapo ndipo ulimi wake uliponolewa, na wenzake wakamchagua kuongoza baraza la wanafunzi.

Mwaka wa 1951 Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri kuwa bwana afya. Kazi ilikuwa ile ile kwa wote, lakini mshahara ulifuata ngozi: Mwafrika alipata sehemu moja tu kwa tano ya malipo ya Mzungu.

Siku moja akiwa peke yake katika maabara, mwanamke Mzungu aliingia na maziwa ya kupimwa. Mboya alimwamkua. Mwanamke huyo alitupa macho huku na huku, kisha akauliza iwapo mlikuwa na mtu yeyote humo. Mboya, aliyesimama mbele yake, akataka kujua kama macho yake yalikuwa na kasoro. Mgeni aliondoka kwa ghadhabu. Mboya alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake Freedom and After, kilichochapishwa 1963, na ni bayana kwamba hakikumtoka moyoni.

Hakukomea kwenye majibu makali. Aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Wakati huo wa Hali ya Hatari serikali ilikuwa imepiga marufuku chama cha KAU, hivyo vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa mojawapo ya sauti chache za Waafrika zilizoruhusiwa kusikika.

Baada ya kusoma Oxford, alirejea na kushinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika, waliokuwa mamilioni, walipewa viti 8. Walowezi, waliokuwa maelfu tu, walikuwa na 14. Mboya na wenzake saba walikataa kuwa mawaziri katika mpango huo. Ukaidi huo, ambao wakoloni waliuita utovu wa shukrani, ulizaa matunda: katiba mpya iliwaongezea Waafrika viti 6, wakalingana na Wazungu.

Mnamo Aprili 1959 alihutubia jijini Washington maandamano ya vijana waliotaka watoto weusi na weupe wasome pamoja. Septemba mwaka huo ndege aliyoiandaa ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Miongoni mwa waliochangisha fedha ni mwanamuziki Harry Belafonte, na King naye aliahidi kusaidia kugharamia masomo ya kijana mmoja.

Uhuru ulipopatikana alikuwa waziri, akihamia Lavington, mtaa wa magharibi uliokuwa ngome ya Wazungu. Ni katika nyumba hiyo waombolezaji walifurika baada ya Jumamosi ya Julai 5, 1969, alipopigwa risasi akitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Aliyemtuma, ikiwa yupo, hakutajwa mahakamani. Mboya alizikwa Rusinga, na sanamu yake ilizinduliwa Oktoba 2011 kando ya Moi Avenue, hatua chache kutoka alipoanguka.